Waraka kwa Wapendwa wa Nakivale na Mbarara, Kuhusu Kutengwa kwa Ajili ya Mungu

Kwa wapendwa wote wa ushirika wetu: ninyi wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo kambini Nakivale, ninyi mnaokaa Mbarara mjini, Kakoba na Kisenyi, kwa kazi au kwa masomo, wazee wa vikundi, wamama wa maombi, vijana wa kwaya, na ninyi mliofika juzi kutoka kituo cha mapokezi cha Nyakabande, ambao bado hamjapimiwa kiwanja.

Mambo mawili yamefika mbele ya wazee, na yote mawili yamekuja yamevikwa andiko moja. Kwanza, kikundi kimoja cha maombi kimeomba kigawanywe: Wakongo wasali na Wakongo, Warundi na Warundi, Wanyarwanda na Wanyarwanda. Hata kati yetu Wakongo yametajwa makabila ambayo sitayaandika hapa. Kila mmoja anayajua. Pili, wako ndugu wanaofundisha kwamba mtu aliyetengwa kwa ajili ya Mungu asinunue dukani kwa Msomali, asiweke akiba katika kikundi kimoja na Mwislamu, asiende kwenye kikao cha kijiji kwa kuwa huko ni kwa watu wa dunia. Wote wanasimama juu ya Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya pili, pale mtume anapowaambia waamini kwamba Mungu amewachagua wawe wake. Wazee walikaa, wakasali, wakanipa kalamu. Nitasema wazi, na atakayeudhika asome kwanza mpaka mwisho.

Tuanze na barua yenyewe. Petro hakuwaandikia watu wenye nchi. Aliwaandikia wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, majimbo yaliyomo katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Kabla hajagusa heshima yao, anataja ugeni wao. Walikuwa watu ambao jirani huwatazama kwa jicho la pembeni, akisikia lafudhi yao sokoni anajua si wa pale. Sisi hatuhitaji kuelezwa maisha hayo. Kisha, akiisha kuwaambia kwamba wamechaguliwa, anaongeza jambo ambalo wanaotaka kugawanya kikundi wanalisoma mbio mbio: kwamba zamani watu hao hawakuwa taifa hata kidogo. Hawakuwa na babu mmoja wala kilima kimoja. Kilichowafanya wawe watu ni rehema waliyopewa. Ukoo mmoja hauna haja ya kuandikiwa maneno kama hayo. Wanaandikiwa watu wa koo nyingi waliokusanywa, ambao wasipokumbushwa watarudi kila mmoja kwa baba yake.

Hata bila mhubiri, mahali tunapoishi pangetufundisha. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakikimbia Rwanda, na ilitambuliwa rasmi 1960. Oktoba 1982, hapahapa Ankole, watu wenye asili ya Rwanda, wengine wakiwa wamekaa miaka mingi, wamezaa na kuzika, walifukuzwa kwenye nyumba zao na kunyang'anywa ng'ombe, na wengi walisukumwa mpaka ndani ya kambi yetu na ya Oruchinga. Baada ya hapo wakaja Wakongo, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, Warundi wa 2015, na mwaka 2025 wale waliotoka baada ya Goma kuanguka Januari na Bukavu Februari. Njia zao ni mbalimbali, lakini karibu wote wana jambo moja: mahali fulani mtu mwenye silaha alisimama akawaambia, ninyi kando, wale kando. Ndiyo maana wako hapa. Na sasa sisi, mbele ya madhabahu ya mabati na miti ya mikaratusi, tunataka kulirudia neno lilelile na kuliita utakatifu.

Wazee wa Kirundi kati yetu wanaijua habari ya Buta. Vijana wengi hawaijui, basi wazee wavumilie niisimulie. Buta ni seminari ndogo katika eneo la Bururi, kusini mwa Burundi. Wakati nchi ilikuwa inachanika, gambera wao, Padri Zacharie Bukuru, aliwalea wavulana Wahutu na Watutsi kulala bweni moja, kula meza moja na kuongea waziwazi juu ya damu iliyokuwa ikimwagika nje ya ukuta wao. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini. Waliwaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Wavulana hawakujitenga. Waliamriwa tena, wakabaki walivyo, wengine wameshikana. Ndipo risasi na maguruneti. Waseminari 40 walikufa. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilianza rasmi mchakato wa kutaka watambuliwe kuwa wafia imani.

Wiki sita kabla yake, tarehe 18 Machi 1997, jambo kama hilo lilitokea Rwanda, katika shule ya sekondari ya Nyange, upande wa magharibi. Wanafunzi walikuwa wakijisomea usiku. Wenye bunduki wakaingia darasani wakadai Wahutu na Watutsi watengane. Walikataa, na kuna waliokufa kwa kukataa huko. Rwanda imewaweka kati ya mashujaa wake.

Nyange hiyohiyo, wapendwa. Aprili 1994, miaka mitatu kabla ya usiku ule, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia ndani ya kanisa la parokia ya Nyange, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga likawaangukia. Paroko, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha. Mwaka 2008 rufaa ilimpa kifungo cha maisha. Mtu huyo alikuwa amewekwa wakfu. Aliwekewa mikono, akapakwa mafuta, akavaa kanzu ya kumtofautisha na watu wengine. Na wale watoto wa shule hawakuwa na kanzu yoyote. Sina maelezo ya kumaliza jambo hili, na simwamini mhubiri anayedai kuwa nayo. Naliweka mbele yenu ili yeyote anayetaka kunionyesha utakatifu wake kwa vazi au kwa cheo ajue nitamuuliza habari za Nyange.

Kwangu mimi, waliotengwa kwa Mungu ni wale waliosimama bwenini Buta. Hawakuweza kutenganishwa na bunduki kwa sababu walikwisha kuwa mali ya mwingine. Mungu alikuwa ameshachukua haki ya kuwapanga, hivyo hakuna mwingine aliyeweza kuwapanga upya kwa kabila. Huko ndiko ninakotaka tufike, na najua wengi wetu hatutaulizwa swali hilo kwa risasi. Sisi tunaulizwa kwa mambo madogo: nani akae benchi la mbele, jina la nani litangulie kwenye orodha ya magodoro, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji, tumpigie kura mtu wetu mlevi au mtu wao mwaminifu? Binti wa watu wale akichumbiwa na kijana wetu, wazazi wanafunga na kusali dhidi ya ndoa, kisha wanasema Roho amekataa. Roho hakuulizwa.

Kuhusu lugha nitasema tofauti kidogo, maana si kila anayeomba ibada ya Kirundi ana chuki. Tuna bibi wa Rubondo ambaye hajui Kiswahili. Amekaa miaka na miaka akiitikia amina asiyoielewa. Huyo ana haki ya kusikia Neno kwa lugha ya mama yake. Basi maombi ya asubuhi na mafundisho ya wazee yafanyike kwa lugha yoyote. Meza ya Bwana ni moja, siku moja, mahali pamoja, na mkate utapita kutoka mkono wa huyu kwenda mkono wa yule bila kuchagua. Anayeona hawezi kuupokea mkate kutoka mkono wa fulani, aje kwa mzee wake kabla ya siku hiyo, wazungumze. Asijifiche nyuma ya lugha.

Sasa nije kwa ndugu zetu wa jambo la pili. Hawa sina shaka na bidii yao. Wanafunga kuliko wengi wetu. Lakini wamechukua maneno juu ya kuwa watakatifu bila kusoma Mungu mwenyewe aliyafuatisha na nini. Chukueni Mambo ya Walawi, sura ya 19. Sura hiyo inaanza kwa agizo kwamba Israeli wawe watakatifu kwa sababu Mungu wao ni mtakatifu. Mtu angetarajia baada ya hapo aambiwe akimbie majirani. Badala yake anaambiwa asivune kona za shamba lake, aziachie maskini na mgeni. Asilale na mshahara wa kibarua mpaka asubuhi. Asimtukane kiziwi, asimwekee kipofu kikwazo. Asipendelee maskini wala mkubwa hukumuni. Asisengenye. Amtendee mgeni kama mzaliwa, kwa kuwa wao pia walikuwa wageni Misri. Na mwishoni, mizani: jiwe la haki na kipimo cha haki. Utakatifu wa sura hiyo unafanyika shambani, sokoni na siku ya malipo.

Kwa hiyo nije sokoni. Kuna makopo ya kupimia Base Camp ambayo yamegongwa chini kwa nyundo hadi kitako kimepanda ndani, na mnunuzi anayejaziwa maharagwe hadi yanamwagika hajui kwamba amepungukiwa. Kuna mawe ya kilo yaliyotobolewa nyuma. Baadhi ya makopo hayo na mawe hayo, nasema kwa uchungu, ni ya watu wanaoimba kwaya. Halafu mtu huyohuyo anakataa kununua sukari kwa Msomali ambaye mizani yake ni sawa. Ndugu, ukinunua kwa Mwislamu mwenye mizani ya kweli, huo uchafu uko wapi? Ukiuza kwa kopo lililogongwa ukiwa umevaa fulana yenye jina la Yesu, Msomali yule ataliheshimu jina hilo kwa lipi?

Na lejaleja, kazi ya kibarua ya kutwa. Wengi wetu tumelima mashamba ya watu kwa siku, tumebeba matofali, tumepukuchua mahindi, na jioni tukaambiwa rudi kesho. Tunajua uchungu wa kurudi nyumbani mikono mitupu huku watoto wameshaona moshi kwa jirani. Lakini sasa wako kati yetu waliofanikiwa kidogo, wanakodi ekari kwa Wanyankole wa karibu, na vibarua wao ni hawa wageni waliofika juzi. Na wao nao wanasema rudi kesho. Mgeni aliyetoka Bukavu kwa miguu hana mtu wa kumshtakia, ndiyo maana anacheleweshwa. Walawi 19 inamhusu mwajiri huyo kuliko inavyomhusu mama aliyekaa kwenye kikundi cha akiba na jirani yake Mwislamu. Tena vikundi hivyo vya akiba vina sanduku lenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, na kila shilingi inahesabiwa mbele ya wote. Natamani sadaka zetu zingehesabiwa hivyo kila mahali.

Kona za shamba ni jambo zito, sitaki kulisema kirahisi. Mtu aliyepewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, ndani yake nyumba, choo na jiko, kona yake ni ipi? Tangu 2023 mpango wa chakula wa WFP ulipoanza kutugawa kwa makundi ya uhitaji, familia nyingi ziliona posho inapungua, na Mei 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda waliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Hamhitaji kuambiwa, mlisimama kwenye foleni mkakuta jina halipo. Nani atadai sadaka kwa watu hao? Hata hivyo kuna mwenye kona kubwa zaidi ya mwingine. Mwenye duka la simu na la kutuma pesa kwa simu, mwenye boda mbili, mwalimu anayelipwa, ndugu wa Mbarara mwenye mshahara, aliye na mtoto Canada anayemtumia: hao wana kona. Na Mungu hakusema watoe kwa kupiga picha. Alisema wasivune, waache pale, mwenye njaa aje mwenyewe bila kuomba.

Juu ya nywele, suruali na hereni, ambazo wengine huzitumia kupima utakatifu, sitakawia. Kila kikundi kina wamama wenye busara. Wakae na mabinti zao.

Lakini wapo wanaosema kwamba mtakatifu hawezi kubaki mahali penye watu wasiookoka, wanataka tujitoe tuanzishe kanisa lingine lililo safi. Wakumbuke Balokole, wale waliookoka katika uamsho. Uamsho ule ulitoka Gahini, Rwanda, ukapita Kabale mwaka 1935, ukaja Ankole, na wengi wa wazee wa Kinyankole mnaokutana nao barabarani waliokolewa na moto wake au walizaliwa na waliookolewa nao. Alama yake kubwa ilikuwa malipo. Mtu akiokoka, alirudisha ng'ombe aliyeiba, alilipa deni alilokana, alikwenda kwa bwana wake wa zamani kukiri sukari aliyoichota jikoni. Mwaka 1941 William Nagenda na wenzake walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya ushuhuda wao. Hawakujitoa. Walirudi kusali katika kanisa lilelile lililowafukuza, na baada ya miaka kanisa hilo lilikuwa likiwachagua maaskofu kutoka kwa watu wa uamsho. Festo Kivengere, aliyewekwa kuwa askofu wa Kigezi 1972, ni mmoja wao. Kufukuzwa hakukuwafanya wajione kabila jipya. Nataka vijana wetu walijue hilo kuliko wanavyojua majina ya wahubiri wa televisheni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wazee waliniomba niliache. Nimekataa kuliacha. Ni juu ya manabii wa ndege.

Mnajua hema zao. Mnajua wanavyotaja majina ya miji ya Marekani, Canada na Australia, na jinsi mtu anavyoambiwa kwamba kesi yake ya kuhamia huko imefunguka mbinguni, imebaki mbegu ya kuifungua duniani, na mbegu hiyo ni mbuzi, au bati, au pesa ya simu. Kuna waliouza vitanda. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa, hata za familia zilizopimwa afya na kufunga mizigo. Wengine walikuwa wa ushirika wetu. Walirudi kwenye nyumba walizokwisha kugawia jirani. Nabii hakuwarudishia mbuzi. Alisema imani yao ilikuwa na ufa.

Yeremia aliwahi kupeleka waraka kwa watu waliohamishwa Babeli, akautuma kwa mikono ya Elasa na Gemaria. Wakati ule palikuwa na nabii, Hanania, aliyekuwa akiwapendeza watu kwa kusema kwamba kongwa la Babeli litavunjika katika miaka miwili. Watu walimpenda, nani asingempenda? Yeremia akaandika jambo lisilopendeza: jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni watoto wenu, na uombeeni heri mji mlimo, maana heri yake ni heri yenu; ni miaka 70. Hanania alikufa mwaka uleule. Sisemi tutakaa miaka 70. Nakivale tayari ina watu waliozaliwa hapa wakazeeka hapa, lakini sijui mpango wa Mungu kwa kila nyumba, na atakayepata nafasi ya kwenda kwa njia ya haki aende na baraka zetu. Ninachokataa ni kuishi miaka kumi bila kupanda mti wa parachichi kwa sababu nabii amesema utaondoka kabla haujazaa.

Na kesi zenyewe. Mnasikia maneno ya vibandani: ongeza mtoto wa dada yako kwenye kadi, sema mume amekufa, badilisha kijiji ulichotoka. Mwaka 2018, serikali na UNHCR walipohakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole, wakianzia Oruchinga kwa jirani zetu, hesabu iliyokuwa kama milioni 1.4 ilirudi karibu na milioni 1.1. Sisemi kila jina lililokosekana lilikuwa la uongo. Wengine walihama, wengine walirudi makwao. Nasema kwamba mtu akimtangaza mumewe kuwa marehemu ofisini na jioni akampikia fufu, watoto wamesikia yote mawili. Watakua wakijua kwamba mama husema kweli kanisani tu. Najua pia jibu lenu: mzee, ukweli wangu haukutosha, niliyoyapitia hayakuandikika, yule afisa alitaka hadithi yenye tarehe. Nawaamini. Kuna ukatili katika kumtaka mtu aliyebakwa njiani athibitishe siku. Leteni kesi hizo kwa wazee, tuwatafute wanasheria wanaosaidia wakimbizi bila malipo, mzee aende nanyi aketi pembeni. Lakini ushirika hautasali juu ya faili la uongo, wala mzee hatasaini barua ya ndoa ambayo haikufungwa.

Ndugu wa Mbarara, msidhani nimewasahau. Ninyi mmepata mji wenye umeme, soko, chuo kikuu, hospitali. Wengine mmejifunza Kinyankole mpaka mwenye nyumba hajui mlikotoka, na mnapokutana nasi Nakivale mnaongea kama wageni waliokuja kutembelea. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Hakuna aibu ya kuficha. Nisingependa kuwaona mmejitenga nasi kwa jina la maendeleo, kwa sababu hilo nalo ni kugawa kikundi, ila tu halina andiko. Na mji huo, mwombeeni. Wenyeji wa Isingiro na Mbarara walitoa ardhi iliyokuwa malisho yao; kuna migogoro ya mipaka, kuna mti uliokatwa usiku na sisi, kuna ng'ombe walioingia mahindini. Mkisikia mwenzetu anasema Mnyankole ni adui, mnyamazisheni kwa upole. Petro anataka majirani wasiomjua Mungu, hata wanaotusema vibaya, wayaone matendo yetu. Hawawezi kuyaona kama tumejifungia.

Basi wazee wameamua hivi, na ni agizo la ushirika mzima.

Kikundi kilichoomba kugawanywa hakitagawanywa. Viongozi wake watabadilishana zamu kwa mataifa yote matatu kuanzia mwezi ujao, na mshika fedha hatatoka taifa moja na mwenyekiti.

Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, kila anayeuza kwa kopo au kwa mizani alete kopo lake na mawe yake kanisani. Kutakuwa na mizani iliyopimwa. Kopo lililogongwa litanyooshwa hapohapo na fundi wa mabati, bure, wala hakuna atakayetajwa jina. Anayeajiri vibarua alipe siku ileile. Asiye na pesa ya jioni asimwite mtu asubuhi.

Hakuna sadaka itakayopokelewa katika nyumba ya ushirika wetu kwa ajili ya unabii wa safari. Mtumishi mgeni ataulizwa hilo kabla ya kupewa madhabahu.

Mwisho ni jambo la Mbarara. Wagonjwa wetu wengi hupelekwa hospitali kubwa ya rufaa ya Mbarara kutoka vituo vya afya vya Nakivale, na mgonjwa asiye na ndugu mjini analala bila wa kumpelekea chakula wala wa kumfulia. Ndugu mnaokaa Kakoba na Kisenyi, tunaomba zamu: nyumba mbili kila siku, chakula cha mchana na maji ya kunywa kwa mgonjwa yeyote aliyetoka kambini, awe wetu au asiwe wetu, Msomali au Mwethiopia, mwenye kusali au asiyesali. Kambi itachangia unga na maharagwe kwa gari la Ijumaa. Majina ya watakaopika yafike kwa mama mwenyekiti wa wanawake wa Mbarara kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Waraka huu usomwe kwa Kiswahili katika vikundi vyote, kisha mwenye kuweza aueleze kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kibembe, pole pole, kwa ajili ya wazee. Maswali yaandikwe, yatajibiwa kwenye kikao cha Juru.

Neema iwe nanyi.

Ndugu yenu, katibu wa wazee